Mwiteni Naye Aje Acheze

Saa kumi na moja jioni, jua likishapungua ukali, watoto hutoka. Hawa wanacheza rede, wale wameshika kamba, wengine wamechimba kishimo cha mdako kando ya ukuta, na chandimu haikosi. Na katika mitaa mingi yupo mtoto mmoja aliyeketi kizingitini, anatazama. Ana miaka saba, pengine tisa. Ana ulemavu wa akili. Hakuna aliyemkataza kucheza. Hakuna tu aliyemwita, na mama yake anachelea kumtoa, maana akianguka ataumia mtoto, na akichekwa ataumia mama.

Ndugu msomaji, naandika kuomba mtoto huyo aitwe. Naomba tumfundishe kuutumia mwili wake: kudaka mpira, kuruka, kupanda ngazi, kufunga kifungo, kushika kijiko, kumimina maji kutoka jagi hadi kikombe. Naomba kazi hiyo tuifanye sisi wenyewe, watu wa nyumbani, wa mtaani na wa shuleni, kwa sababu wataalamu ni wachache mno na sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji hospitali. Inahitaji mtu mwenye subira, na inahitaji dakika chache kila siku bila kukosa.

Nianze kwa kusema ninamzungumzia nani. Mtoto mwenye ulemavu wa akili ni yule ambaye tangu utotoni anaelewa, anajifunza na anajimudu kwa mwendo wa polepole kuliko wenzake wa rika lake. Wengine wamezaliwa na hali iitwayo Down, ambayo daktari John Langdon Down aliieleza mwaka 1866 na ambayo chanzo chake, kromosomu moja ya ziada, kilitambuliwa mwaka 1959. Wengine walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au walipata manjano kali isiyotibiwa mapema, au homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Wapo ambao mama zao walikosa madini joto wakati wa ujauzito. Wapo pia ambao chanzo hakikujulikana na hakitajulikana. Katika orodha yote hiyo hakuna laana wala mkosi, na hakuna kosa la mama.

Mtindio wa ubongo ni jambo jingine. Huko kilichodhurika ni sehemu ya ubongo inayoongoza misuli, na wapo watoto wenye mtindio ambao akili zao ni kali kama wembe, ila ulimi na mikono haiwatii. Kuwachanganya ni kuwaonea wote wawili: mmoja ananyimwa shule anayoiweza, mwingine anangojewa dawa ambayo haipo. Mzazi asiyejua mwanawe yuko upande upi ampeleke akapimwe. Hata hivyo, akiwa anasubiri siku ya kupimwa, mengi ya nitakayoyasema hapa yanaweza kuanza leo.

Watu huuliza: kama shida iko kwenye akili, mwili unaingiaje? Unaingia kwa sababu kutembea na kudaka ni mambo ya kujifunza. Mpira ukirushwa, jicho linauona, ubongo unakadiria utafika wapi na lini, mikono inatangulia kuupokea. Mtoto asiye na ulemavu hujifunza hilo kwa kubahatisha mamia ya mara bila mtu kugundua kwamba anasoma. Mwenye ulemavu wa akili anahitaji marudio mengi zaidi, na anahitaji mtu wa kumwonyesha. Mwenye hali ya Down ana jambo la ziada: misuli yake imelegea na kano za viungo zimelegea, hivyo kusimama tu kunamgharimu nguvu nyingi kuliko ndugu yake.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto wa Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Watoto wenye afya walianza kutembea bila kushikwa kati ya miezi minane na kumi na saba na nusu hivi. Mtoto mwenye hali ya Down kwa wastani hutembea akikaribia miaka miwili, wengine hufika mitatu au kuipita. Lakini karibu wote hutembea. Hatari inaanzia hapo kwenye kuchelewa. Mtoto anayechelewa kutembea hubebwa. Anayebebwa hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi misuli yake inazidi kulegea. Akifika miaka mitano tunasema hawezi, tunamlisha, tunamvisha, tunamkalisha. Akifika kumi, sehemu ya ulemavu tunaouona si ile aliyozaliwa nayo. Tumemwongezea sisi, kwa huruma zetu, tukidhani tunamsaidia.

Nalisema hili kwa upole, maana najua mama anayemlisha mtoto wa miaka minane anafanya hivyo akiwa na wengine watatu wa kuwahisha shule. Kumlisha ni dakika tano. Kumwacha ajilishe ni nusu saa, na sakafu ya kufutwa. Wito huu usipomfikia baba, bibi, dada wa kazi na jirani, utakuwa mzigo mwingine juu ya mgongo wa mwanamke yuleyule.

Kuanzia mwilini si wazo jipya. Jijini Paris, katika miaka ya 1840, alikuwapo mwalimu aitwaye Édouard Séguin. Watoto wenye ulemavu wa akili walikuwa wamefungiwa katika nyumba za wagonjwa, na waliosoma sana walikuwa wakisema hawafundishiki. Séguin akawapandisha ngazi. Akawabembeza, akawapa vigingi vya kuchomeka kwenye matundu, vifungo vya kufunga na kufungua, vitu laini na vya kukwaruza vya kupapasa. Alianza na misuli, akaenda kwenye hisi, kisha ndiyo akafika kwenye herufi. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1846, na baadaye alihamia Marekani akaendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1880.

Miaka ishirini baada ya kifo chake, daktari kijana wa Italia, Maria Montessori, aliyekuwa akifanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili mjini Roma, alimsoma Séguin na kuzifuata njia zake. Watoto wake walijifunza mpaka watu wakashangaa. Mwaka 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, akavipeleka vifaa vilevile kwa watoto wasio na ulemavu. Yaliyofuata yanajulikana dunia nzima. Shule za chekechea za Montessori zipo Dar es Salaam, zipo Nairobi, na Tanzania ina vyuo vinavyowafundisha walimu wake. Ukimwona mtoto wa miaka minne amekaa na fremu ya mbao, anafunga vifungo vya kitambaa, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kwa juhudi, jua kwamba elimu hiyo ilipatikana kwanza kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Wao ndio walioufundisha ulimwengu namna ya kumfundisha mtoto mdogo. Leo tunazilipa ada kubwa shule zilizojengwa juu ya jasho lao, na wao tumewaacha kizingitini. Hilo ni deni, na mimi ninaliona kama deni.

Sasa namna ya kufanya.

Chukua kuvaa suruali. Kwetu sisi ni tendo moja. Kwa mtoto huyu ni matendo saba au manane: kuitambua mbele na nyuma, kuishika kiunoni, kukaa, kuingiza mguu wa kwanza, kuingiza wa pili, kusimama, kuivuta hadi gotini, kuivuta hadi kiunoni. Ukimwambia "vaa suruali" umemwambia mambo manane kwa pamoja. Walimu wazoefu hulivunja tendo vipandevipande, kisha huanzia mwisho. Unamvisha wewe mpaka magotini, unamwachia kipande cha mwisho tu, avute hadi kiunoni. Amevuta? Amevaa suruali! Msifu hapohapo, kwa jina lake, mbele ya watu. Akishakiweza kipande hicho bila msaada, kesho unamwachia viwili vya mwisho, avute kutoka kwenye vifundo vya miguu. Hivyo hivyo mpaka ufike mwanzo. Siri ya kuanzia mwisho ni kwamba kila mara mtoto ndiye anayemaliza, na anaionja raha ya kumaliza. Ukianzia mwanzo, anachoka katikati na wewe ndiye unayemaliza, naye anajifunza kwamba mambo humalizwa na wakubwa.

Mkono wako nao una daraja zake. Kwanza shika mkono wake juu ya kijiko, muende pamoja hadi mdomoni. Siku zikipita, legeza. Shika kifundo cha mkono tu. Kisha gusa kiwiko. Kisha onyesha kwa kidole. Kisha kaa kimya. Msaada usiopunguzwa utamfanya mtoto aungojee maisha yake yote, na ndiyo maana mwalimu mzuri wa kazi hii anapimwa kwa jinsi anavyojiondoa.

Tumia neno lilelile kila siku. Kama leo ni "vuta", kesho lisiwe "pandisha" na kesho kutwa "haya jitahidi basi mwanangu". Onyesha kuliko kueleza. Ukionyesha, kaa ubavuni mwake mkitazama upande mmoja, maana ukikaa mkabala naye mkono wako wa kulia unakuwa upande wa kushoto wake, nawe umemtwika fumbo lisilo la lazima. Na ukishasema, ngoja. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Watu wengi hurudia amri baada ya sekunde mbili, wakati mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuielewa ile ya kwanza.

Mpira nao una mpangilio. Usianze kwa kumrushia. Utampiga usoni, na tangu siku hiyo ataukimbia. Kaeni chini mtazamane, miguu mmeipanua, nyayo zenu zikigusana. Uviringishe polepole uende kwake, aurudishe. Wiki ya kwanza inaweza kuishia hapo na isiwe imepotea. Baadaye udundisheni mara moja kati yenu. Puto linafaa sana, kwa kuwa linashuka taratibu na kumpa nafasi ya kufikiri. Kurusha hutangulia kudaka, kwa hiyo mpe shabaha kubwa: ukuta, beseni, kapu la nguo. Umbali uwe hatua moja, kisha mbili. Kamba ya kuruka ilale chini kwanza, aivuke. Kisha itikiswe chinichini kama nyoka. Kuizungusha juu ya kichwa kutakuja kwa wakati wake, au hakutakuja, na mtoto atakuwa amekwisha kujifunza kuruka.

Na hapa niwaambie wanaodai hawana nafasi. Mwaka 2001 mtafiti wa Marekani, Dale Ulrich, na wenzake walichapisha utafiti uliohusu familia 30 zenye watoto wachanga wenye hali ya Down. Nusu ya wazazi walipewa nyumbani mashine ndogo yenye mkanda unaotembea. Walimshika mtoto juu yake, nyayo zikapiga hatua. Muda ulikuwa dakika 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Watoto hao walianza kutembea wenyewe takriban siku 101 mapema kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida peke yake. Mashine hizo hatuna majumbani mwetu, wala simwambii mtu akaitafute. Ninachokitazama ni zile dakika nane, na kwamba mikono iliyomshika mtoto ilikuwa ya wazazi. Miaka kumi baadaye, mtafiti huyohuyo na wenzake walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wenye hali ya Down waliofundishwa baiskeli ya magurudumu mawili kwa siku tano waliweza kuiendesha. Mara ngapi tumemwambia mtoto wa namna hiyo asiiguse baiskeli?

Vifaa vipo nyumbani. Kuchambua mchele au maharage kunafundisha kubana kwa kidole gumba na cha shahada, na kubana huko ndiko kutakakoshika penseli na kufunga kifungo. Vibanio vya nguo vinaimarisha vidole. Kukamua nguo iliyofuliwa kunazungusha vifundo vya mikono. Kukanda unga wa chapati, kupukuchua mahindi, kumimina maji kutoka kopo hadi kopo, kufagia uwanja, kubeba kidoo chenye maji nusu kwa mikono miwili huku mgongo umenyooka, yote hayo ni somo, na tena yana faida moja ambayo somo la darasani halina: nyumba inamhitaji. Anayechambua mchele wa chakula cha jioni ameingia katika hesabu ya watu wa nyumba hiyo.

Michezo yetu nayo ina hazina kubwa. Mdako, wa kurusha jiwe juu, kukusanya yaliyomo shimoni na kulidaka lile kabla halijaanguka, ni zoezi la jicho na mkono ambalo sijaona kifaa cha dukani kinacholishinda. Kwa mtoto huyu unaanza bila kurusha: atoe mawe shimoni, ayarudishe, moja moja. Bao vilevile, hata kama hatazijua kanuni, kupanda kete moja kila shimo bila kuruka ni kazi ya vidole na ya kuhesabu kwa pamoja.

Kuna jambo wazazi na walimu wengi hulisahau. Mtoto mwenye ulemavu wa akili hupata shida kuhamisha alichojifunza. Anaweza kufunga vifungo vikubwa vya fremu shuleni, kisha akalitazama shati lake mwenyewe kana kwamba hajawahi kuona kifungo. Amejifunza kupanda ngazi za shule, lakini zile za zahanati zina kona, naye anasimama. Usimkasirikie, wala usidhani amesahau. Mfundishe pale pale atakapokitumia kitu: kifungo kwenye shati lake, choo kwenye choo cha nyumbani, bomba kwenye bomba la mtaani. Na mwalimu wa shule azungumze na wa nyumbani, watumie maneno yaleyale.

Wazazi hupenda kuuliza lini mtoto ataanza KKK. Nawaelewa, kusoma, kuandika na kuhesabu ndiyo heshima ya shule. Lakini kumkabidhi penseli mtoto ambaye hajaweza kushika kijiko ni kumwadhibu. Mkono hukomaa kuanzia bega, ukaja kiwiko, ukaishia vidoleni. Mpe kijiti achore mstari mrefu mchangani kwa mkono mzima. Mpe brashi na maji apake ukuta. Atundike nguo kwenye kamba, mikono ikiwa juu ya kichwa. Penseli itafika, na ikifika itamkuta tayari.

Tahadhari ni chache, ila zishikwe. Mtoto mwenye hali ya Down asipige pindu wala kusimama kwa kichwa kabla daktari hajaikagua shingo yake, maana kwa baadhi yao mifupa ya juu ya shingo haikukaza. Akianza kutembea vibaya ghafla, au shingo ikauma, au akaanza kujikojolea ilhali alikwisha kuacha, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Karibu nusu yao huzaliwa na tatizo la moyo, kwa hiyo moyo upimwe mapema; mengi ya matatizo hayo yana tiba. Mwenye kifafa asiachwe majini peke yake hata kwa dakika moja, wala asipande mti. Na vile viti vya magurudumu vya kumtumbukiza mtoto ili eti ajifunze kutembea, visinunuliwe. Haviharakishi kutembea, vinaangusha watoto kwenye ngazi na jikoni, na Kanada ilikwisha kupiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Fedha hiyo inunue godoro dogo la kujiviringishia au benchi fupi la kushikia.

Walimu wakuu, nina ombi kwenu. Shule nyingi zina kitengo cha elimu maalum, na wapo walimu waliosomea kazi hii katika chuo cha Patandi huko Arusha, wenye ujuzi ambao shule nzima ingeweza kunufaika nao. Nimeona kitengo kimepewa chumba cha nyuma, kile kilichobaki baada ya stoo. Wapeni watoto hao uwanja. Kipindi cha michezo kikifika, nao watoke, wachanganyike na darasa jingine wawili wawili, kila mmoja na mwenzake. Mazoezi ya kuelekea UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, yakianza, mwalimu wa kitengo aulizwe nani wake anaweza kukimbia mita hamsini, na wanaomudu wapimwe kwa saa kama wengine. Waliosomea tiba kwa vitendo na fiziotherapia pale hospitali ya KCMC Moshi, na walioko hospitali ya CCBRT Dar es Salaam, hawawezi kufika kila kata. Mwalimu anaweza kuwaalika mara moja, aandike wanayoelekeza, kisha yafanyike kila siku bila wao.

Watoto wasio na ulemavu si wakatili kama tunavyodhani. Wanaiga tunavyosema. Wakisikia mkubwa akimwita mwenzao taahira, watamwita hivyo. Wakimwona mkubwa anamngoja, watamngoja. Waombeni wabuni wao kanuni mpya: katika rede yeye apewe roho mbili na mpira mkubwa laini, katika kombolela ajifiche na rafiki, katika mbio aanzie mbele. Wanajua kubuni kuliko sisi, na kanuni waliyoibuni wenyewe wataitetea.

Mwaka 1962 mwanamke wa Marekani, Eunice Kennedy Shriver, ambaye dada yake Rosemary alikuwa na ulemavu wa akili, alifungua kambi ya michezo ya kiangazi kwa watoto wa aina hiyo katika uwanja wa nyumba yake huko Maryland. Alichoshwa na kuambiwa hawawezi. Kila mtoto alipewa kijana wa kumsaidia, wakaogelea, wakapanda farasi, wakacheza mpira. Julai 1968, katika uwanja wa Soldier Field mjini Chicago, wanariadha wapatao 1,000 kutoka Marekani na Kanada walishindana katika michezo ya kwanza ya Special Olympics. Leo Tanzania na Kenya zina programu zake, na michezo ya dunia ya 2019 ilifanyika Abu Dhabi. Kwa watoto wenye ulemavu mzito, wasioweza kushindana kwa kanuni, kuna mafunzo yao maalum ya mwendo, ambapo mtoto anapimwa dhidi ya jana yake mwenyewe: jana aliugusa mpira, leo ameusukuma. Na yote hayo yalianzia kwenye majani ya uwanja wa nyumba ya mtu.

Viongozi wetu wa mitaa na vijiji, sheria iko upande wenu. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Ibara ya 30 ya mkataba huo inataka mtoto mwenye ulemavu ashiriki mchezo na burudani sawa na watoto wengine, shuleni ikiwamo. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ilifuata mwaka 2010, na kamati za watu wenye ulemavu zinatakiwa kuwapo kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Mwenyekiti, kamati yako ipo? Imekaa lini? Inajua watoto wenye ulemavu wa akili wako nyumba zipi? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtoto na kijana mwenye ulemavu, wa miaka 5 hadi 17, naye anahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Atazipatia wapi, ikiwa uwanja wa wazi umegawanywa viwanja vya kujenga vibanda? Anayetetea uwanja wa mtaa anamtetea na huyu.

Shehe, padri, mchungaji: semeni mbele ya waumini kwamba mtoto huyu si aibu ya nyumba. Mkitamka ninyi, baba aliyekuwa akimficha mwanawe atamshika mkono atoke naye. Fundi seremala, vipande vya mbao unavyotupa vinatosha ngazi ya hatua tatu na ubao wa kutembelea wenye upana wa nyayo mbili, usioinuka kutoka chini zaidi ya upana wa kiganja. Fundi cherehani, vifungo vikubwa na zipu kuukuu zisiende jalalani. Kaka na dada wa mtoto huyu, mmebeba mengi ambayo hakuna aliyewashukuru. Msione haya kumwomba rafiki awapokee kwa saa moja.

Kwa mtaa utakaokubali, nashauri Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Watu wazima wawili wanatosha kuanza, hasa mmoja wao akiwa ndugu wa mtoto. Mkeka, maji ya kunywa, beseni, kamba, chupa kumi tupu zilizotiwa mchanga kidogo za kuangusha kwa mpira. Pita nyumbani kwake siku moja kabla, ongea na mama, umwulize mtoto anapenda nini na anaogopa nini, na kama ana kifafa au shida ya moyo. Siku ya kwanza isizidi nusu saa, na watoto wengine wawili watatu wawepo tangu mwanzo. Mpira wa matambara unafaa kuliko wa dukani: uwe mkubwa kuliko kichwa cha mtoto, usiwe mzito, na ufungwe kitambaa cha rangi kali ili auone unapokuja.